Matumbawe Yanayoishi Maji Yakichemka

Kwenye pwani ya Abu Dhabi, maji ya Ghuba ya Uajemi hufika nyuzi joto 35 za Selsiasi mwezi Agosti, na kuna siku hupita hapo. Matumbawe ya Mombasa au Mafia yangekwisha kufa. Ya Ghuba hushinda humo majira yote ya joto, na kwa kawaida huvuka salama.

Tumbawe ni mnyama, ila hali peke yake. Ndani ya mwili wake hufuga mwani wa chembe moja, usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua na kumlisha. Rangi yake ya kahawia hutokana na mwani huo. Joto likizidi, mwani huanza kutoa sumu na tumbawe huutema. Hapo nyama yake hubaki angavu kama kioo, chokaa nyeupe ikionekana chini yake, na joto lisipopungua mapema hufa kwa njaa.

Mwani wa Ghuba ni sugu. Mwaka 2015 wanasayansi waliutambua kuwa spishi ya pekee, leo ikiitwa Cladocopium thermophilum. La kustaajabisha ni ugeni wa bahari yenyewe: zama za barafu Ghuba ilikuwa nchi kavu, na maji yalifika karibu na pwani ya leo yapata miaka 6,000 tu iliyopita. Inaelekea mwani huo ulikuwapo nje kwa uchache, joto la Ghuba likaupa nafasi ya kutawala.

Chumvi nayo imo. Mvua ni haba, jua hukausha maji mengi, na chumvi ya Ghuba hupita gramu 40 kwa kilo ya maji, ilhali Bahari ya Hindi ina kama 35. Katika maabara, matumbawe hayo yalipotiwa kwenye maji ya chumvi ya kawaida, uwezo wao wa kuhimili joto ulipungua sana. Kuyahamishia bahari nyingine ili yaokoe miamba inayokufa si tiba ya kutegemewa.

Hata kwao yako ukingoni. Joto la 1996 na 1998 lilifagia karibu matumbawe yote ya matawi kusini mwa Ghuba. Mwaka 2017 upepo wa shamali, unaopoza bahari, ulilegea, na karibu na Abu Dhabi zaidi ya nusu ya matumbawe hai yakafa. Ya matawi hukua haraka na huweza kurudi, lakini yanahitaji miaka mingi ya nafuu, na misimu ya joto kali sasa inafuatana kwa karibu.