MCHORO NAO HUSEMA



Wanafunzi wenzetu wa Nyakakika na kwingineko, wapo miongoni mwetu wanaohudhuria darsa kila siku na kucheka na wenzao, ilhali moyoni wana mzigo mzito: kufiwa na mzazi, hofu, au ugomvi wa nyumbani. Ukiwauliza, hujibu, "Sijambo." Wengine hawana maneno ya kueleza, wengine huogopa kuitwa wendawazimu au wenye imani haba. Lakini Nabii Yaaqub (A.S.) alimhuzunikia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Allah. Basi huzuni peke yake si dalili ya imani haba.

Njia moja ya kuutoa mzigo huo ni kuchora. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, mkoani kwetu Kagera, kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia vita. Vita vilipokwisha, UNICEF ilisaidia watoto waliobaki Rwanda walioshuhudia mauaji ya kimbari. Walimu na walezi walifundishwa kuwapa watoto nafasi ya kuchora, kuandika na kusimulia yaliyowapata.

Kwa nini mchoro husaidia?

(a) Hauhitaji maneno.
(b) Jambo lililokuwa likizunguka kichwani huwekwa mbele ya macho, likatazamika.
(c) Ni rahisi kumwambia mtu, "Tazama hapa," kuliko kuanza kusimulia.

Huenda ukauliza: je, kuchora si haramu? Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Ibn Abbas (R.A.) alimwambia mchoraji mmoja kwamba, ikiwa hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Hivyo vyatutosha: mgomba ulioangushwa na upepo, nyumba iliyofungwa, njia yenye giza. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alichora mistari kuwaeleza Masahaba ajali ya mwanadamu na matumaini yake marefu.

Hata hivyo, tusijifanye mafundi wa kufasiri michoro. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi wa ugonjwa. Mwenzako akikuonyesha mchoro wake, usimcheke wala usiutangaze. Muulize, "Hapa pana nini?" kisha nyamaza usikilize.

Tena mchoro si dawa ya kila kitu. Anayekosa usingizi, asiyekula au anayejitenga kwa wiki mbili au zaidi, mzazi au ustadhi aarifiwe, apelekwe hospitali, na dua iendelee. Akisema au akichora kwamba anataka kujiua, hiyo si siri ya kutunza, hata kama uliahidi. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, na mwenzako asiachwe peke yake.

Wabillahi tawfiq.