Mkono Mmoja Badala ya Mikono Mitano

Mwaka 2006 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulihesabu madhara yaliyowapata wachangia damu wake. Damu nzima ilitolewa mara 6,014,472, yakatokea madhara 209,815. Chembe sahani, zinazotolewa kwa mashine ya aferesisi, zilichangiwa mara 449,594, madhara 25,966. Ni sawa na 349 katika kila 10,000 kwa damu nzima na 578 kwa mashine.

Sababu zinaeleweka. Damu nzima hutoka kwa dakika kama 10, basi. Aferesisi huchukua saa moja na nusu, pengine mbili: mashine huvuta damu, huizungusha ili kutenga chembe sahani, kisha hurudisha iliyobaki. Sindano ikikaa mshipani muda wote huo, damu huvilia chini ya ngozi. Tena ili isigande, damu hutiwa sitrati, nayo sitrati hunasa kalsiamu. Midomo na ncha za vidole huanza kufa ganzi, mwili huona baridi. Ikizidi, misuli hukakamaa. Mengi hupita palepale. Waliohitaji matibabu nje ya kituo walikuwa kama 3 katika 10,000, kwa njia zote mbili.

Lakini mgonjwa wa saratani hapewi “uchangiaji”, anapewa dozi. Dozi moja ya chembe sahani huhitaji damu nzima ya watu wanne hadi sita. Kwa aferesisi mtu mmoja anatosha. Chukua watano: dozi 10,000 zingekuja na madhara kama 1,745, dhidi ya 578 tu kwa aferesisi. Hesabu hii inaionea damu nzima kidogo, maana watano hao wametoa pia seli nyekundu na plazma. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kulipuuza.

Kinachonitatiza ni nani anayebeba mzigo. Chembe sahani hudumu siku 5 hadi 7 tu, kwa hiyo huitwa wachangiaji walewale, hadi mara 24 kwa mwaka, bila malipo. Kwa kiwango cha 2006, mara 24 ni wastani wa dhara moja na zaidi kwa mwaka, ingawa wazoefu huumia kidogo kuliko wageni. Dawa ya sitrati ni rahisi: vidonge vya kalsiamu, blanketi, na kupunguza mwendo wa mashine. Hilo la mwisho ndilo ghali, kwa sababu kitanda kinakaliwa muda mrefu zaidi na foleni inangoja.