Simu ni Yetu, Lakini Ufunguo Anao Nani?



Mkulima wa Likawage anayenunua jembe hulipa, hulichukua, na tangu siku hiyo jembe huwa lake. Muuzaji hana namna ya kulizuia lisilime. Simu janja haiko hivyo. Tunailipia na kuiita yetu, lakini wapo wengine, tusiowajua hata kwa sura, wanaobaki na uwezo wa kuifunga, kuiongezea vitu na kuchungulia yaliyomo. Katika makala hii tunapenda kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, Mama Kanisa anatufundisha nini, na yapi yaliyo katika uwezo wetu.

Wanaoshika ufunguo

Wa kwanza ni mtengenezaji. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na programu ambazo mwenye simu hawezi kuziondoa kabisa. Mtengenezaji ndiye pia anayeamua ni kwa miaka mingapi simu itapokea maboresho ya usalama. Muda huo ukipita, simu inaendelea kuwaka lakini kinga yake inazeeka.

Wa pili ni mamlaka ya nchi. Mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini kote kwa kutumia namba ya utambulisho ambayo kila simu huwa nayo, ile inayoonekana tukibonyeza *#06#. Lengo lilikuwa halali: kuzuia bidhaa hafifu na kukomesha wizi wa simu. Hata hivyo, wengi walijifunza siku ile kwamba simu iliyo mkononi mwao inaweza kuzimwa na mtu aliye mbali.

Wa tatu ni mkopeshaji, na huyu ndiye anayewagusa zaidi watu wetu wa Kilwa.

Simu ya mkopo

Mnunuzi hutoa malipo ya awali, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Ndani ya simu huwekwa programu ya kufuli. Malipo yakichelewa, kioo hujifunga na kwa kawaida hubaki ujumbe wa kudai deni tu. Akilipa, hufunguka.

Mpango huu umewawezesha wengi kupata simu ambayo wasingeimudu kwa fedha taslimu, na ni haki mkopeshaji kurudishiwa chake. Tatizo ni kalenda. Deni linadai kila siku, lakini shamba halilipi kila siku: ufuta huuzwa minadani katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba. Katika miezi ya masika, mkulima mwaminifu kabisa anaweza kukosa fedha ya wiki, na simu ikafungwa wakati anapoihitaji kumwita dereva wa bodaboda ampeleke mgonjwa zahanati.

Ruhusa tunazozitoa bila kusoma

Wa nne tunamkaribisha sisi wenyewe. Programu mpya huomba ruhusa ya kusoma majina na namba, ujumbe, picha au mahali tulipo. Tunabonyeza “Ruhusu” ili tuendelee. Baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni wametumia mwanya huo: mtu akichelewa kulipa, ndugu, jirani hata mwajiri wake hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Hii ni sura mpya ya ile mikopo ambayo watu huiita “kausha damu”.

Kanisa linatufundisha nini?

Katika Waraka wa *Laudato Si’* wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Francisko alitukumbusha kwamba vyombo vya teknolojia haviko katikati tu, bila upande. Huelekeza maisha ya watu kadiri ya matakwa ya wenye nguvu. Amri ya saba inamtaka mkopaji alipe, na inamtaka mkopeshaji asitumie shida ya mwenzake kama mtego. Amri ya nane inalinda jina jema la mtu. Nayo Katekisimu, namba 2492, inatudai kuheshimu maisha binafsi ya wengine.

Hapa tutafakari vizuri. Namba zilizomo katika simu ya mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo si mali yake peke yake. Ni za wanajumuiya waliomwamini. Anapozifungua kwa programu asiyoijua, anatoa amana ya wengine. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anakataa kutawaliwa na kitu chochote, hata kile kilicho halali kukitumia. Uhuru huo unatuhusu hata sisi.

Tufanye nini?

Kabla ya kuchukua simu ya mkopo, tuulize: jumla ya malipo ni kiasi gani? Tukichelewa, itafungwa baada ya siku ngapi? Tukimaliza deni, kufuli litaondolewa na nani? Tutunze risiti zote. Tena tukumbuke kwamba fedha zetu za mtandao zimefungamana na laini, si na kioo. Simu ikifungwa, laini inaweza kuhamishiwa kwenye kitochi.

Tufungue sehemu ya mipangilio, tutazame ruhusa za kila programu na kuondoa zisizo na sababu. Tubonyeze *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu, na ujumbe wa kitapeli tuupeleke 15040. Anayesambaziwa siri zake ajue kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayo haki ya kulalamika.

Vijana wanaozifahamu simu wawasaidie wazazi na wazee kwa uvumilivu, jumuiya kwa jumuiya, bila kuwasahau jirani zetu Waislamu, maana mtego huu hauulizi dini. Nasi tukipokea ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa, tusiusambaze. Tuufute, kisha twende tukamjulie hali.