Dawa za kwapa: Mlaji analipia harufu au anazuia jasho?

WANUNUZI wengi wa dawa za kwapa hulipia bidhaa moja wakitarajia kazi ya nyingine. Katika maduka ya vipodozi, kuanzia Kariakoo hadi mikoani, chupa za kuondoa harufu na zile za kuzuia jasho hupangwa rafu moja, na mteja huchagua kwa kunusa.

Tofauti ni kubwa. Jasho lenyewe halinuki. Harufu huletwa na bakteria wa kwenye ngozi. Diodoranti hupambana na bakteria hao na kuongeza manukato, lakini jasho hubaki pale pale. Kwa mtu ambaye shati lake hulowa kabla ya saa nne asubuhi, hiyo ni fedha iliyopotea, hata kama chupa ni ya bei mbaya.

Kinachopunguza jasho ni antipaspiranti, yaani dawa yenye chumvi za alumini. Chumvi hizo hutengeneza kizibo katika tundu la jasho, ambacho hutoka baada ya muda ngozi inapojifanya upya. Shabu, lile jiwe linalouzwa na wauza dawa za asili, ni ya ukoo huo huo, ila nguvu yake ni ndogo.

Biashara hii ni ya zamani. Mum, dawa ya kuondoa harufu, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1888, na Everdry ya kuzuia jasho ikafuata mwaka 1903. Aliyechangamsha soko, hata hivyo, ni Odorono. Tangazo lake la mwaka 1919 katika jarida la akina mama liliwadokezea wasomaji kwamba huenda wananuka bila kujijua. Wasomaji wapatao 200 waliacha kununua jarida hilo kwa hasira, lakini mauzo ya Odorono yalipanda kwa asilimia 112 na kufikia dola 417,000 mwaka 1920. Aibu inauza, na mlaji anayenunua kwa aibu hasomi maelezo ya chupa.

Kwa wenye jasho la kupita kiasi, bidhaa za kawaida mara nyingi hazitoshi. Hatua inayofuata ni kloridi ya alumini ya asilimia 20, kama vile Driclor. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1978 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, ilionyesha kuwa wagonjwa 64 kati ya 65 walipata nafuu kubwa.

Matumizi ndiyo yanayowashinda wengi. Dawa hii hupakwa usiku, jasho linapopungua, kwenye kwapa kavu kabisa, kisha huoshwa asubuhi. Ikikutana na maji hutoa asidi inayowasha. Vivyo hivyo isipakwe mara baada ya kunyoa. Jasho likishapungua, mara moja au mbili kwa wiki hutosha, hivyo chupa moja hukaa muda mrefu. Madoa ya njano kwenye mashati meupe pia huchangiwa na alumini ikichanganyika na jasho, kwa hiyo kuosha kwapa kabla ya kuvaa huokoa na shati.

Zipo pia dawa mpya za daktari zinazozuia ishara ya neva inayoamuru tezi kutoa jasho. Marekani iliidhinisha vitambaa vya glaikopironiamu mwaka 2018; sofpironiamu ilianza Japani mwaka 2020 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2024. Hizi zinaweza kukausha kinywa.

Ushauri kwa mnunuzi: kabla ya kunusa, geuza chupa usome. Usipoona neno 'aluminium' au 'aluminum', chupa hiyo haikuundwa kuziba jasho. Na jasho likianza ghafla, au likija usiku pamoja na homa au kukonda, usiende dukani, nenda hospitali.