Siri ya Unyuzi wa Sufu Uvutwapo

Mama wa nyumbani aliyewahi kufua sweta la sufu na kulianika kambani likiwa bado linachuruzika maji anayafahamu yatokeayo: mikono hurefuka, pindo hushuka, na nguo iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hugeuka kuwa gunia. Sehemu ya kulegea huko husababishwa na vitanzi vya ufumaji vinavyoelemewa na uzito wa maji. Lakini sababu nyingine imo ndani ya unyuzi wenyewe, na wataalamu walihitaji miaka mingi kuigundua.

Unyuzi wa pamba ukivutwa kupita sehemu moja ya kumi ya urefu wake, mara nyingi hukatika. Wa sufu sivyo. Ukiwa umelowa maji huweza kuongezeka urefu kwa asilimia 30 bila kukatika, na ukiachiliwa ndani ya maji hayo hujirudia kama ulivyokuwa. Katika mvuke wa moto huweza kuvutwa hata ukakaribia urefu wake mara mbili.

Mwaka 1928 mwanasayansi William Astbury alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Leeds, mji wa Uingereza uliokuwa maarufu kwa viwanda vya sufu. Alipitisha miale ya eksirei katika nyuzi za sufu na kupiga picha za madoa yaliyofanywa na miale hiyo. Picha ya unyuzi uliolegea ilionyesha mpangilio unaojirudia kila baada ya nanomita 0.51, yaani nusu tu ya sehemu moja katika milioni ya milimita. Unyuzi ulipovutwa, mpangilio huo ulitoweka, na mwingine wa nanomita 0.34 hivi ukatokea. Ulipoachiliwa, ule wa kwanza ulirejea. Astbury aliziita hali hizo mbili alfa na beta.

Maana yake ni kwamba molekuli zenyewe hubadilika umbo. Sufu ni protini iitwayo keratini, ambayo pia hufanya nywele, kucha na pembe. Kila molekuli ni mnyororo mrefu, na Astbury alitambua kuwa katika hali ya alfa mnyororo huo umekunjamana, na katika beta umenyooshwa. Namna halisi ya mkunjo ilimpita. Mwaka 1948 mkemia wa Marekani Linus Pauling, akiwa kitandani kwa mafua huko Oxford, alichora mnyororo juu ya karatasi na kuikunja, akaona kuwa unajizungusha kama springi. Yeye na wenzake walitangaza jambo hilo mwaka 1951.

Mizunguko ya springi hiyo hushikizwa na viungo dhaifu vya haidrojeni. Maji yapenyapo ndani ya unyuzi huvilegeza, na joto huzidisha. Ndipo springi hukunjuka. Lakini kati ya mnyororo na mnyororo kuna viungo imara vya salfa, navyo ndivyo huurudisha unyuzi mahali pake.

Hapa ndipo penye hatari na faida. Unyuzi ukivutwa na kukauka hali umevutwa, hubaki mrefu mpaka ulowe tena. Lakini ukishikiliwa kwa muda mrefu ndani ya mvuke, viungo vya salfa huachana na kuungana upya, na urefu huo huwa wa kudumu. Fundi cherehani hunufaika na tabia hii anapotia marinda ya sufu kwa pasi na kitambaa chenye unyevu. Nywele za binadamu nazo hutii kanuni hiyo: zilizonyooshwa kwa chanuo la moto hujikunja tena zipatapo maji, ila dawa ikivunja viungo vya salfa hazirudi.

Basi, sweta lililorefuka kwa kuanikwa vibaya lisitupwe haraka. Lilowekwe katika maji ya baridi, likamuliwe taratibu ndani ya taulo bila kusokotwa, lirudishwe umbo lake kwa mikono, na likauke limelazwa juu ya meza kivulini. Pasi ipitishwe juu ya kitambaa chenye unyevu, bila kulivuta. Maji yaliyolirefusha ndiyo yatakayolirudisha, mradi moto haujatangulia.