Uyoga umeota kwenye mti? Ugeuze kwanza

Mvua zikishika tu, simu yangu hujaa picha za uyoga. Juzi mama mmoja alinitumia picha ya uyoga wa rangi ya asali, umejazana chini ya mparachichi wake, na swali moja: "Bwana shamba, huu si unaliwa? Umeota kwenye mti, sio kwenye samadi."

Wengi tunakosea hapo. Upo uyoga mdogo wa kahawia, kitaalamu unaitwa Galerina marginata, unaota kwenye magogo yanayooza na una sumu ya kuua. Kuchemsha hakuiondoi. Kutapika huanza saa 6 mpaka 24 baada ya kula, halafu mgonjwa anapata nafuu kidogo, kumbe ini linaharibika. Mtu akila uyoga mkamshuku, mpelekeni hospitali hata kama hajaumwa bado, na mabaki ya uyoga mbebe. Na hii habari ya "umeliwa na konokono kwa hiyo ni salama" tuiache jamani.

Nikamwambia augeuze anipigie picha ya chini. Mamama wa porini mguu wake huwa mfupi na uko pembeni, wakati mwingine haupo kabisa, na ile mistari ya chini ya kofia inateremka mpaka kwenye mguu. Ule wa kahawia wenye umbo la sikio, laini kama jeli, hauna mistari. Ukikauka unakuwa mgumu, ukiuloweka unarudi. Kisha weka kofia juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli usiku kucha. Unga wa mamama huwa mweupe au una uzambarau kwa mbali. Ukikuta kahawia ya kutu, tupa. Ukikuta mweupe usishangilie bado, kwani upo uyoga wa sumu kali wenye unga mweupe pia.

Wa yule mama ulikuwa na mguu mrefu wa katikati, na pete. Sio mamama. Nikamwambia asiule, lakini mimi nilishaanza kuuwazia mti. Nilipofika tukabandua gome usawa wa ardhi kwa panga: utando mweupe kama karatasi, unanuka uyoga. Hiyo ni Armilaria, inaozesha mizizi, na hata chai na kahawa inaziua. Husafiri chini kwa chini kutoka visiki vya zamani, na kweli, hatua chache pembeni kulikuwa na kisiki alichokiacha wakati wa kusafisha shamba. Ikifika hapo hakuna dawa ya kupuliza. Unang'oa mti na kisiki, unafuata mizizi, unachoma. Ukitaka kukata mti wa zamani, chubua gome kuzunguka shina lote mwaka mmoja au zaidi kabla, mizizi imalize akiba yake ya chakula.

Mparachichi tuliung'oa Jumamosi. Ulikuwa umeshika matunda.