Klorini: Soma Kopo Kabla ya Kijiko

Mei 2015 maelfu ya watu waliokimbia Burundi walibanana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia, takriban watu 30 wakafariki. Wakimbizi walihamishiwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na Oktoba mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Katika vita vya namna hiyo silaha ni maji safi, sabuni, na unga mweupe wenye harufu kali: klorini.

Haya, wewe ukipewa kopo la unga huo, utatia vijiko vingapi? Swali la mtego! Inategemea kopo. Unga uitwao HTH, yaani kalisi haipokloraiti, una klorini asilimia 65 hadi 70. Chokaa ya klorini ina kama 30 hadi 35 tu. Jik ya dukani, ile ya maji, ina 3.5. Harufu ni ileile, nguvu mbalimbali!

Tuseme unataka dawa ya asilimia 0.5 ya kusafishia choo cha mgonjwa. Kwa HTH ya 70, gramu 7 zinatosha lita moja. Kwa Jik, changanya kipimo kimoja na vipimo sita vya maji. Dawa hiyo si ya kunywa wala kunawa. Ya kunawa mikono ni hafifu mara kumi, asilimia 0.05. Na ya kunywa? Hapo usibahatishe, tumia vidonge vya kutibu maji na ufuate maandishi yake.

Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Tope "hula" klorini kabla haijawafikia vijidudu. Kisha subiri dakika 30.

Unga wenyewe si wa mchezo. Tia unga kwenye maji, usimwagie unga maji. Vaa glavu, kaa penye hewa. Usiuchanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoka gesi inayochoma mapafu. Mkojo nao ukikutana na klorini kali hutoa gesi mbaya, kwa hiyo mwaga maji mengi chooni kwanza. Mafuta ya taa yakae mbali nao, unaweza kuwaka.

Uweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, penye kivuli na pakavu. Bati hushika kutu, na jua huupunguza nguvu. Usiuhamishie kwenye chupa ya soda, watoto watadhani ni kinywaji. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, halafu mbio kituo cha afya.